Eldoret Yastahili Ukumbi wa Muziki

Tangu tarehe 15 Agosti 2024, siku ambayo Rais William Ruto aliukabidhi mji wa Eldoret hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, sisi wakazi wake tumekuwa tukiyahesabu kwa fahari iliyo halali mambo ambayo mji umeyapata katika uhai wake: reli iliyofika mwaka 1924, Chuo Kikuu cha Moi kilichoasisiwa mwaka 1984, uwanja wa ndege wa kimataifa uliofunguliwa mwaka 1997, hospitali ya rufaa inayotegemewa na magharibi yote ya nchi, na wanariadha ambao sifa zao hutangulia kila mahali kabla ya sisi kufika. Katika hesabu hiyo limo pengo ambalo aghalabu halitajwi. Mji huu, ambao sensa ya mwaka 2019 iliukuta na watu 475,716, hauna ukumbi wa umma uliojengwa makusudi kwa ajili ya muziki, ambamo mtu wa kipato cha kawaida angeweza kuingia jioni pamoja na mkewe na wanawe, akasikiliza bendi ikipiga, kisha akarudi nyumbani kwa amani kabla ya usiku kuwa mkubwa.

Sauti hazikosekani. Zimejaa katika matatu za barabara ya Uganda, katika vibanda vya simu, katika redio za Kikalenjin na za Kiswahili, na usiku kucha katika vilabu vya pombe. Linalokosekana ni lile kutaniko la mpigaji na msikilizaji, ana kwa ana, pasipo mtu wa tatu anayemtumia mmoja wao kwa haja yake. Kwa hali ilivyo sasa, msanii mashuhuri wa Nairobi au wa Dar es Salaam akija kwetu huja kwa njia moja kati ya mbili, na katika zote mbili muziki huwa mtumwa wa jambo jingine.

Njia ya kwanza ni ya klabu. Promota humlipa arbuni, picha yake hubandikwa kwenye nguzo za stima na kusambazwa katika simu, kiingilio hupandishwa, na watu hungojea wakinywa tangu jua kuchwa hadi saa saba au saa nane za usiku, ndipo mgeni apande jukwaani na, asiwe na wapigaji wowote nyuma yake, aimbe juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa studio, nyimbo nne au tano, kisha ashuke, aingie garini na kuikabili barabara ya Nairobi kabla ya mapambazuko. Simlaumu msanii, kwa kuwa hutenda kwa kadiri alivyoagizwa, wala simlaumu promota, ambaye faida yake hutoka katika chupa zitakazouzwa usiku ule. Nasikitika kwa sababu ya wale walioachwa nje: mwanafunzi ambaye umri wake haujaruhusu, mama ambaye hawezi kuwaacha watoto, mzee anayekumbuka dansi la ujana wake, na Muislamu au Mkristo ambaye dini yake haimruhusu kukaa palipo na ulevi. Ukiwajumlisha hao wote utakuta kwamba walioachwa ni wengi kuliko walioingia.

Njia ya pili ni ya siasa. Msimu wa kampeni ukiwadia, wasanii huletwa kwa makundi, vipaza sauti vikubwa hupandishwa juu ya malori, na uwanja hufurika watu ambao hawakulipa hata senti. Siku hizo tungedhani kwamba mji wetu umekuwa makao makuu ya muziki. Uchaguzi ukiisha, malori huondoka, na kwa miaka mitano uwanja ule ule hurudia kimya chake. Muziki wa namna hiyo humzoesha msikilizaji kudhani kwamba wimbo ni sadaka ya mwanasiasa, na humzoesha msanii kumtazama mwenye mfuko badala ya kuitazama hadhira.

Anayedhani kwamba muziki wa mjini ni milki ya mji mkuu, na kwamba miji ya bara haina ila kungojea makombo, hajaisoma historia ya sehemu hizi. Mwishoni mwa karne ya 19 ngoma ya beni ilizuka Lamu na Mombasa, pamoja na matarumbeta yake, magwaride yake na vyeo vyake vya kuigiza, na katika muda wa kizazi kimoja ilikuwa imeenea bara, ikibebwa na askari, makarani, mahamali na watumishi wa serikali, hata vyama vyake vya Marini na Arinoti vikapata wafuasi katika miji ambayo haikupata kuiona bahari. Hakuna kampuni iliyoidhamini safari hiyo. Watu waliipenda, wakaichukua, wakaitia mahadhi yao. Na mwaka 1950, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis akawakuta wasichana wakiimba wimbo wa Chemirocha, unaomhusu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko kabla ya Tracey. Wala wasichana hao hawakumwiga mwimbaji huyo, bali walimtia katika hadithi zao, wakamwimbia kwa lugha yao na kwa kinubi chao. Watu waliokuwa na uwezo huo mwaka 1950, mbali na kila jukwaa kubwa, hawahitaji leo kufundishwa na Nairobi namna ya kusikiliza.

Ithibati iliyo kubwa zaidi iko Tanzania. Morogoro haikuwa mji mkuu wa nchi, ilhali ndiko ilikotoka bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na ndiko ilikotoka Morogoro Jazz iliyomtoa Mbaraka Mwinshehe. Tabora ikaleta Tabora Jazz. Tanga ikaleta Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Miji hiyo haikuwa na utajiri unaopita ule wa Eldoret ya leo. Ilikuwa na vilabu vya dansi vyenye wanachama, ilikuwa na kumbi ambazo milango yake ilifunguliwa kwa ada, na ilikuwa na wapigaji waliokaa humo humo mjini, wakajulikana kwa majina na majirani zao, wakakosolewa kwa wimbo mbaya na kutunzwa kwa wimbo mzuri. Kutoka katika mazoea hayo ya kila juma ndipo zilipopatikana nyimbo ambazo Nairobi yenyewe ilizicheza, na ambazo mpaka hii leo hupigwa katika arusi zetu.

Baadaye taasisi zenyewe zilichukua dhamana. Jumuiya ya wafanyakazi wa Tanganyika, NUTA, ilikuwa na bendi yake tangu mwaka 1964, na kiwanda cha nguo cha Urafiki cha Dar es Salaam kikaunda yake mwaka 1970. Wapigaji walikuwa na mshahara, vyombo vilikuwa mali ya taasisi, na bendi ilipelekwa mikoani kama vile timu ya mpira inavyopelekwa. Eldoret nayo inacho kiwanda cha nguo, Rivatex, ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikitwaa mwaka 2007. Sioni sababu kwa nini chuo na kiwanda, pamoja na kaunti, visiwe na bendi moja ya kudumu yenye jina la mji huu, ipige katika mahafali, katika maonyesho ya kilimo, na mwisho wa kila juma mbele ya raia. Gharama yake ingekuwa ndogo ukiilinganisha na fedha zinazotumika kwa mahema na vipaza sauti vya kukodi katika kila sherehe ya serikali.

Najua jawabu ambalo hutolewa kila mara shauri hili linapoletwa: kwamba Eldoret haina soko. Hoja hiyo haisimami. Mji ambao vijana wa vyuo vikuu viwili na vya ufundi vingi wamepanga vyumba katika kila mtaa wake, mji ambao wimbo wa Emily Chepchumba wa Sweetstar uliimbwa humo hata na watu wasiojua Kikalenjin, mji ambao wazee wake bado huzihifadhi nyimbo za Kipchambai arap Tabotuk na bendi yake ya Koilong'et, hauwezi kusemwa kuwa hauna wasikilizaji. Tangu mwaka 2018 mji huu umekuwa na mbio zake za marathoni, na siku ya mbio hizo barabara hufungwa, polisi hupangwa, gari za wagonjwa huwekwa tayari na zawadi hutolewa, bila ya mtu kuuliza kama riadha ina soko. Uwezo wa kupanga tayari tunao. Tumeutumia kwa ajili ya miguu na bado hatujautumia kwa ajili ya masikio.

Hoja iliyo na nguvu zaidi ni ile ya gharama, na hiyo inastahiki kujibiwa kwa utaratibu. Bendi ya watu kumi ikitoka Nairobi kuja Eldoret husafiri zaidi ya kilomita 300, ikabeba ngoma, magitaa na kinanda, ikahitaji gari la watu na gari la vyombo, ikahitaji mahali pa kulala na chakula. Na kwa kuwa hapana ukumbi wenye mitambo ya sauti iliyofungwa, mwandaaji hulazimika kukodi spika, taa, jukwaa na jenereta, na watu wa kuvisimamisha na kuvibomoa, na mara nyingine kuvileta vyote kutoka Nairobi ile ile. Gharama hizo zote hubebwa na usiku mmoja. Mvua ikinyesha, na mvua ya Uasin Gishu haibishi hodi, mwandaaji amefilisika. Ndiyo sababu mwandaaji mwenye akili humleta mtu mmoja na dijei wake, akaacha bendi nyuma, kisha tukasema kwamba watu wa bara hawapendi muziki wa ala.

Hesabu hiyo hubadilika pindi miji inapoungana. Bendi inayoondoka Nairobi siku ya Jumatano ingeweza kupiga Nakuru Jumatano usiku, Eldoret Alhamisi, Kitale Ijumaa, Kakamega Jumamosi na Kisumu alasiri ya Jumapili, na kila mji ukachangia sehemu moja ya tano ya safari ambayo leo mji mmoja huibeba peke yake. Tanzania wameufanya mzunguko wa namna hiyo kwa miaka mingi kwa matamasha kama Fiesta, yanayopita mkoa kwa mkoa, na wasanii wa Bongo Fleva wamejenga hadhira yao huko mikoani kiasi kwamba hakuna anayethubutu kusema Mtwara au Mwanza hazina soko. Kisumu wanao ukumbi wa jamii wa Mama Grace Onyango, Nakuru wanayo nyumba ya michezo ya kuigiza ya Nakuru Players. Pete iliyokatika katika mnyororo huo ni sisi. Ukumbi ukijengwa hapa, ukiwa na jukwaa lake, taa zake na mitambo yake, mwandaaji atahitaji kuleta watu na ala zao tu, na kiingilio kinaweza kushuka hadi mahali ambapo mwanafunzi hatalazimika kuchagua kati ya tikiti na chakula chake cha juma zima.

Na jukumu hilo ni la nani? Katiba ya mwaka 2010 imelijibu swali hili kwa maneno yasiyo na utata. Jedwali la Nne limeziwekea serikali za kaunti kazi ya shughuli za utamaduni, burudani za umma na vifaa vya umma. Na kifungu cha 209 kimezipa kaunti mamlaka ya kutoza ushuru wa burudani. Yaani kaunti imepewa kazi na imepewa haki ya kujipatia fedha kutokana na kazi hiyo. Jambo la kusikitisha ni kwamba nchini mwetu mkono wa kutoza huwa mwepesi kuliko mkono wa kujenga. Mwandaaji kijana anayetaka kufanya onyesho dogo la wasanii wa mtaani hukuta mbele yake leseni ya kaunti, kibali cha kelele chini ya kanuni za mwaka 2009, taarifa kwa polisi, na malipo ya haki za watunzi. Kila moja katika hayo ina hekima yake, na malipo ya watunzi hasa ni haki ambayo mimi sitaki ipunguzwe hata kidogo; lakini yakikusanywa pamoja, yakalipwa katika ofisi mbalimbali, kwa onyesho ambalo pengine litahudhuriwa na watu mia mbili, huwa ni kifungo. Ukumbi wa umma uliopewa vibali vyake kwa mwaka mzima, uliojengwa kwa kuta zinazozuia sauti isiwasumbue majirani, ungeondoa zaidi ya nusu ya usumbufu huo kwa siku moja.

Wako wazazi na viongozi wa dini ambao wasiwasi wao si fedha bali maadili, nami siupuuzi wasiwasi huo, kwa kuwa wameyaona yanayotokea nje ya vilabu alfajiri. Jirani zetu wa Jinja, ambako tamasha la Nyege Nyege limekuwa likifanyika tangu mwaka 2015 karibu na mto Nile, wameuona mvutano huo mara mbili: mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alitaka tamasha lizuiwe, na mwaka 2022 wabunge wakalipinga, na mara zote mbili likaruhusiwa kwa masharti. Sina nia ya kuhukumu kati yao. Nasema tu kwamba Eldoret inaweza kuchagua njia iliyo tofauti, na wanaoogopa uharibifu wangekuwa wa kwanza kuidai: ukumbi usiouza pombe ndani yake, onyesho linaloanza saa kumi na moja za jioni na kumalizika saa tatu za usiku, matatu zikiwa bado barabarani, na baridi ya mji huu ulio juu ya mita 2,000 ikiwa haijashika. Burudani ikinyimwa mwanga hukimbilia gizani. Aliyezuia ukumbi wa jioni hakuzuia klabu ya usiku wa manane, ameipelekea wateja.

Sharti moja lingine ningeliandika katika mlango wa ukumbi huo, nalo ni kwamba kinachopigwa humo kipigwe kweli. Zanzibar, katika Ngome Kongwe, tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004 na limeshikilia kanuni ya kwamba kila msanii aimbe na kupiga papo hapo. Kanuni hiyo imewafanya vijana wengi wajifunze kupiga ala ambazo wangeziacha, kwa kuwa jukwaa lenyewe lilizidai. Kijana wa Langas au wa Huruma anayetunga nyimbo kwa kompyuta yake chumbani, na wapo wengi, na baadhi yao wana kipaji ambacho kikiachwa kitapotea, hana leo sababu ya kumtafuta mpiga gitaa wala mpiga ngoma, maadamu hakuna mahali atakapowapeleka. Mpe jukwaa linalodai bendi, naye atatafuta bendi.

Hapa napenda kusema wazi kwamba sitetei kuletewa wageni tu. Desturi ya kumpandisha msanii wa nyumbani saa za mwanzo, viti vikiwa vitupu, kumlipa nauli na ahadi, kisha kumshusha ili mgeni apande, ni dhuluma, na ukumbi wa umma usiikubali. Msanii wa hapa awe na mkataba ulioandikwa, alipwe kabla ya kupanda, na awe na usiku wake mwenyewe ambao jina lake ndilo lililo kubwa katika tangazo. Mgeni anapokuja, wapige pamoja. Mpiga benga wa Kikalenjin akikutana jukwaani na mwimbaji wa taarabu kutoka Mombasa, au na mpiga gitaa la Kiluhya kutoka Kakamega, litazaliwa jambo ambalo Nairobi haitaweza kutuletea, kwa sababu litakuwa letu.

Nimeacha mwishoni jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hayo yote. Eldoret ni mji wa makabila mengi yaliyokuja kwa mashamba, kwa reli, kwa viwanda na kwa vyuo, na ni mji uliojeruhiwa. Yaliyotokea Kiambaa, jirani kabisa na hapa, tarehe 1 Januari 2008, watu walipochomwa ndani ya kanisa katika ghasia za baada ya uchaguzi, hayajasahauliwa na waliofiwa, wala haifai yasahauliwe. Tangu wakati huo tumejenga mengi, lakini mahali ambapo Mkalenjin, Mkikuyu, Mluhya, Mjaluo, Msomali na Mhindi huketi pamoja kwa furaha, bila ya kuitwa huko na chama cha siasa, bado ni pachache: sokoni, hospitalini, na kando ya barabara wanariadha wanapopita. Watu wa Goma, mji wenye misiba inayozidi yetu, walianza tamasha lao la Amani mwezi Februari 2014, vita vikiwa vimetulia kwa muda mfupi tu, wakakusanya vijana wa Kongo, Rwanda na Burundi mbele ya jukwaa moja. Halikuzuia vita vilivyofuata, wala hakuna muziki uwezao hilo. Lakini vijana waliocheza pamoja walijua kwamba yule wa ng'ambo ya mpaka ana uso na ana sauti, na hilo si dogo.

Basi namwomba Gavana na wawakilishi wa wadi za Uasin Gishu waliingize suala la ukumbi wa muziki wa Eldoret katika makadirio ya fedha ya mwaka ujao, wautafutie kiwanja mahali ambapo matatu za mitaa yote hufika, na wautungie kanuni kabla ya kuujenga, ili usije ukageuka ukumbi wa mikutano ya wakubwa. Nanyi wasomaji, makadirio hayo sharti yafikishwe mbele ya bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni yao. Vikao hivyo huhudhuriwa na watu wachache, na aghalabu hao wachache huzungumza juu ya barabara na maji, mambo ambayo ni ya haki kuyadai. Nendeni, mdai barabara na maji, kisha msiketi kabla ya kuudai ukumbi.